Dawa ya Jicho la Mwanakombo

Asifiwe Bwana, ndugu zangu! Mliomo ndani nawasalimu, na mlioketi nje barazani kwa kukosa nafasi nawasalimu pia. Sauti yangu ni kubwa, mtanisikia. Mimi ndiye Mama Samweli, mke wa seremala, yule mliyezoea kumwona akiwasomea kina mama Neno la Mungu. Leo sikusimama kusoma. Nimesimama kueleza jinsi Mungu alivyoniokoa nisiwe kipofu. Na ninayo sababu ya pili, nitaitaja tangu sasa ili mtu asije akasema nimemvizia. Kuna jina la mtu limechafuliwa hapa Kinondo kwa ajili ya jicho langu hili la kulia. Jina hilo nataka kulisafisha leo mbele yenu nyote, na sitaketi kabla sijamaliza.

Ndugu zangu, wengi mwajua kwamba mimi si mzaliwa wa hapa. Kwetu ni Rabai. Nililetwa huku na kazi ya mume wangu, alipoitwa kuja kujenga mapaa ya nyumba za Wazungu kule Diani. Tulipofika sikuwa na ndugu wala jamaa. Nilikuwa na sanduku la nguo, watoto, na mdomo huu mnaousikia. Aliyenipokea ni jirani yangu Mwanakombo. Yeye ni Mdigo na ni Mwislamu, swala zake tano hazimpiti, na mimi ni mtu wa kanisa. Jambo hilo halikututenga hata siku moja. Asubuhi ya kwanza alikuja na kaa la moto ndani ya kifuu cha nazi akasema, "Hodi, jirani. Naona jiko lako halijafuka moshi." Tangu siku ile tukawa mashoga.

Mtaani petu mtu hamnyimi jirani yake moto, wala chumvi, wala dawa. Ukiwa na mafuta ya kuchulia mgongo, ni mafuta ya mtaa mzima. Ukipewa vidonge vya homa hospitali na vikabaki, huvitupi, unamwekea mwenzio atakayeugua kesho. Tuliishi hivyo kwa mapenzi kabisa, na hakuna aliyeona ubaya. Likumbukeni neno hilo.

Sasa nirudi kwenye macho. Mimi nilijifunza kusoma nikiwa mtu mzima, ninanyonyesha. Nilikuwa naketi na watoto wangu kwenye mkeka, wao na ubao wao, mimi na ubao wangu, na walikuwa wakinicheka. Nikang'ang'ana. Siku nilipoweza kusoma mstari mzima bila kusaidiwa nililia hata mume wangu akadhani nimefiwa. Kwa hiyo, ndugu zangu, mtu akiniambia kusoma ni jambo dogo, mimi na yeye hatutaelewana. Ule ulikuwa ndio utajiri wangu.

Basi herufi zikaanza kunikimbia. Karibu na uso zilikuwa ukungu mtupu. Nikawa nakisogeza Kitabu mbali, kisha mbali zaidi, hata mkono ukaisha. Mume wangu akanitania, "Mama Samweli, nikuchongee mkono mwingine wa mbao?" Na ajabu ni kwamba vitu vya mbali nilikuwa naviona sawasawa. Mbuzi akiingia kwenye mihogo yangu nilimwona tangu barabarani na kumtambua ni wa nani. Uzi na sindano ndivyo vilivyonishinda, na herufi. Nikaanza kuogopa. Nikajiambia, Bwana alinipa kusoma nikiwa nimechelewa, naye sasa ananinyang'anya mapema.

Katika majira yale yale Mwanakombo naye aliugua jicho, lakini lake lilikuwa ni jambo jingine kabisa. Lilikuwa jekundu, linauma kwa ndani, na mwanga ukilipiga alipiga kelele. Alikuwa akishinda chumbani amejifunika leso usoni. Halikuwa na usaha wala kope hazikugandana. Mwishowe akaenda hospitali ya Msambweni, na huko msaidizi wa daktari, Bwana Hamadi, akampa dawa ya maji katika kichupa chenye mrija wa kudondoshea. Akamwambia aitumie mpaka amwambie aache, na arudi aangaliwe. Mwanakombo akadondosha, jicho likatulia, wekundu ukaondoka. Akaona amepona, wala hakurudi. Na kichupa kilikuwa bado kina dawa.

Akaja kwangu anakimbia, kama alivyokuja na lile kaa la moto. "Shoga," akasema, "hii imenitoa kaburini. Chukua nawe upone, usome Kitabu chako. Anza na lile linalokusumbua zaidi."

Nikakipokea kichupa kwa mikono miwili. Nani kati yenu asingepokea?

Nilianza na jicho la kulia. Nilipodondosha, herufi ambazo zilikuwa ukungu zikapotea kabisa, na jua la nje likawa kali sana. Nikamwendea Mwanakombo, nikamwuliza kama ni kawaida. Akanijibu kwa moyo mweupe, "Hata mimi ilikuwa hivyo hivyo. Mwanga ulinichoma, tundu la sindano sikuliona. Kisha nikapona." Nikafurahi! Nikajua kumbe dawa inafanya kazi. Sisi tumezoea kwamba dawa ikiuma ndipo inapouchimba ugonjwa, na isiyouma tunaidharau. Basi nikaendelea kudondosha kwa bidii, na kisha nikaliongeza na jicho la kushoto, kidogo, lisije likaona wivu.

Katikati ya siku hizo Mwanakombo akaitwa Tiwi kwenye matanga ya shangazi yake, akaondoka. Ikaja asubuhi moja ya masika, mvua imefunga, ndani ya nyumba kuna giza la kuwashia taa. Nilikuwa nachambua mchele. Jicho la kulia likaanza kuuma kidogo kidogo, kisha likashika na kipaji, kisha kichwa chote upande ule. Ndugu zangu, mimi nimezaa watoto, ninajua uchungu ni nini. Ule ulikuwa uchungu wa namna yake. Nilipoitazama taa niliiona imezungukwa na pete za rangi, nyekundu na kijani. Kisha nikatapika, na kutapika hakukukoma.

Mume wangu alipoona natapika na kichwa kinaniuma, akasema ni homa ya malaria. Akanitafutia kwinini. Mama mmoja wa jirani akasema ni nyongo. Hakuna aliyetazama jicho, maana mtu anayetapika humtazami jicho. Wekundu wa jicho tulidhani ni wa machozi ya usiku kucha.

Ndugu wa ushirika wakaja kuniombea, nami nawashukuru kwa hilo mpaka leo. Lakini Ndugu Zakaria, yule pale mbele, mwaona anacheka kwa sababu anajua namfikia, alinishika mkono akaniambia, "Dada, kuna jambo hujalileta nuruni. Ungama, upone." Nikatafuta moyoni. Nilikuwa nimekwisha tubu yote ninayoyajua, na ningekuwa na nguvu ningemsaidia Ndugu Zakaria kutubu na yake. Nikamwambia, "Ndugu, siwezi kuungama nisilolifanya. Niombee tu." Tulikwishapatana, yeye na mimi. Nimemtaja kwa sababu wako wagonjwa wanaosukumwa hivyo wakazua dhambi ili waache kusumbuliwa. Msiwafanyie hivyo!

Huko nje ya mlango, nako, maneno mengine yalikuwa yakipikwa. Watu walihesabu: jicho la Mwanakombo limepona, jicho la Mama Samweli limeharibika, na Mwanakombo hayupo. Mama mmoja, simtaji jina, akasema kwa sauti niliyoisikia mimi mwenyewe nikiwa kitandani, "Amehamisha ugonjwa wake. Ameuvua yeye akamvika huyu mgeni, kisha akaondoka." Mnajua maneno kama hayo yanavyokwenda. Kufika jioni yalikuwa yamefika mpaka Galu.

Mwanakombo aliporudi kutoka Tiwi hakupitia hata kwake. Alikuja moja kwa moja, akanifunua uso, akalitazama jicho. Kisha nikasikia anamwambia mume wangu, "Baba Samweli, shikamoo, nisamehe, lakini hii si homa. Tangu lini homa ikakaa jicho moja? Mtu huyu aenda hospitali leo hii."

Mume wangu akasema tungoje mvua ipungue, gari hakuna. Mwanakombo hakungoja. Alitoka akaenda barabarani, na lile lori la kuchukua mbata, zile nazi kavu, lilipotokea, alisimama katikati ya njia akanyoosha mikono. Dereva akapiga honi. Mwanakombo hakutoka. Dereva akafunga breki, akateremka akimtukana, na Mwanakombo akamwambia, "Ukishamaliza kutukana, geuza lori. Kuna mgonjwa." Na lori lilikuwa linakwenda Likoni, ndugu zangu, kaskazini! Sisi tulikuwa twaelekea Msambweni. Sijui alimwambia nini zaidi. Najua tu kwamba niliinuliwa, nikawekwa juu ya magunia, kichwa changu mapajani mwa Mwanakombo, na lori likaenda kusini.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo Mungu aliponigeuzia njia.

Bwana Hamadi ni mtu mpole, hana haraka. Aliniketisha penye kivuli akanimulika kwa tochi jicho moja, kisha la pili, kisha akarudia la kwanza. Akasema mboni ya jicho la kulia imekuwa pana, na mwanga ukiipiga haichezi. Akaniambia nitazame chini na kufumba. Akaweka vidole vyake viwili vya shahada juu ya ukope wangu akabonyeza polepole, kidole hiki kisha kile. Akabonyeza jicho lake mwenyewe, kisha akarudi kwangu. Akamwita Mwanakombo. "Bonyeza lako, mama. Lasikia vipi?"

"Laini," akasema.

"Sasa bonyeza la huyu. Taratibu."

Nikasikia vidole vya shoga yangu juu ya ukope. Akasema, "Lahaula! Gumu kama embe changa."

Bwana Hamadi akavuta kiti karibu akaniuliza swali moja tu: "Mama Samweli, ulitia nini jichoni?"

Sikujibu mimi. Mwanakombo alifungua fundo la leso yake akatoa kile kichupa. Alikuwa amekichukua kando ya kitanda changu, akidhani nitaendelea kukitumia hospitalini. Bwana Hamadi akakitazama, akamtazama yeye, akasema kwa sauti ya chini, "Hii nilikupa wewe."

Mwanakombo akaketi chini sakafuni.

Bwana Hamadi akatueleza, nami nawaeleza ninyi kama nilivyofahamu. Jicho lina maji yake ya ndani, mbali na machozi. Maji hayo huingia na kutoka siku zote, na njia ya kutokea iko pembeni, nyembamba. Watu wengine wameumbwa na njia nyembamba zaidi, nami ni mmoja wao, wala sikujua. Ile dawa kazi yake ni kuipanua mboni. Mboni ikipanuka, ile ngozi yake ya rangi hukunjamana pembeni kama pazia lililosukumwa ukutani, ikaziba njia. Maji yanaingia, hayatoki, na jicho linajaa mpaka linakuwa gumu na kuua uoni. Mwanakombo yeye alikuwa na ugonjwa wa kuvimba ndani ya jicho. Mboni yake ilitaka kugandana na kile kioo kilicho nyuma yake, na dawa ya kuipanua ilikuwa ndiyo salama yake. Kwake tiba, kwangu sumu, na kichupa ni kile kile.

"Na herufi?" nikamwuliza. Mimi hata pale nilikuwa nauliza habari za herufi! "Herufi zilinikimbia kabla ya dawa."

Bwana Hamadi akaniuliza miaka yangu, akaniuliza kama naona mbali. Nikamwambia habari za mbuzi. Akasema, "Mama, huo wala haukuwa ugonjwa. Ni umri. Ulichohitaji wewe ni miwani."

Miwani! Ndugu zangu, nilicheka pale kwa uchungu, nikacheka hata nikatapika tena.

Mwanakombo alikuwa amekaa sakafuni analia, anasema, "Nimempofua mwenzangu, nimempofua kwa mkono wangu." Bwana Hamadi hakumgombeza. Akamwambia, "Utalia baadaye, mama. Niinulie uso." Akamulika. "Lako nalo limerudi kuwa jekundu."

"Ni vumbi la lori," akasema Mwanakombo.

Mvua ilikuwa inanyesha. Vumbi gani? Bwana Hamadi akamwonyesha kwamba mboni yake haikuwa duara tena, imefanya pembe, imekwisha anza kugandana. Nusu ya dawa aliyotakiwa kuitumia yeye ilikuwa imeishia jichoni mwangu. Mwaona, ndugu zangu? Mtu aliyesemwa kwamba amehamisha ugonjwa wake alikuwa bado anao wote, na dawa yake alikuwa amenipa mimi.

Tukalazwa wote wawili. Mimi nilitiwa dawa ya kuifinya mboni, mara kwa mara, bila kukosa. Jicho la kulia lilikuwa limechelewa. La kushoto lilikuwa limeanza tu kuziona zile pete za rangi, na Bwana Hamadi akasema, "Hili bado tunaliwahi." Nikalishika neno hilo. Nikamwambia Mungu, "Bwana, la kulia nimesikia. La kushoto silitoi. Nitakusumbua mchana kutwa." Nami nilimsumbua! Kesho yake jicho la kushoto lilikuwa laini chini ya vidole vya Bwana Hamadi. Akasema dawa peke yake isingetosha, lingeweza kuziba tena wakati wowote. Ni lazima niende Mombasa kwa daktari wa macho, anitoboe kijitundu katika ile ngozi ya mboni ili maji yapate njia nyingine. Nikapakiwa kwenye gari la hospitali, nikavuka feri ya Likoni nimelala chali, nasikia watu tu.

Kule Mombasa walinipasua macho yote mawili, la kulia kwa ajili ya kuondoa maumivu, la kushoto kwa ajili ya kuliokoa. Kisha wakayafunga yote, wakaniwekea vifuko vya mchanga pande zote mbili za kichwa, wakaniambia nikitikisa kichwa naharibu kazi. Mnanijua mimi. Nilivyoumbwa siwezi kusema neno bila kutikisa kichwa. Basi nilinyamaza! Mume wangu anasema kama si kwa muujiza wa jicho, angemshukuru Mungu kwa muujiza ule wa kunyamaza. Nililala nimenyooka kama ubao wake wa kazi, pua inawasha sijikuni, na nikawa najisomea moyoni mistari niliyoihifadhi. Giza lile sitalisahau. Niliogopa, nasema wazi. Niliogopa sana. Lakini kila nilipotaka kugeuza shingo niliiambia shingo yangu, hapana.

Walipofungua, upande wa kulia hapakuwa na kitu. Upande wa kushoto niliona mkono wa muuguzi, na saa mkononi, na ule mshale mwembamba unaokimbia. Utukufu kwa Mungu! Daktari akanipima, akaniandikia miwani, na mume wangu akaenda kuinunua kwenye duka la Mhindi. Nikaivaa. Nikafungua Kitabu popote kilipofunguka, na herufi zilikuwa zimekaa mahali pake zinaningoja. Nilisoma kwa sauti hata mgonjwa wa kitanda cha pili akaniomba nipunguze.

Ndugu zangu, ningeweza kuishia hapa, na ushuhuda ungekuwa mzuri. Lakini niliporudi Kinondo, jiko la Mwanakombo lilikuwa halifuki moshi.

Nikauliza. Mume wangu akaniambia yeye alitibiwa Msambweni, jicho lake likapona, akarudi. Lakini watu walikuwa wakimgeuzia uso kisimani. Kina mama waliokuwa wakiomba chumvi kwake waliacha. Mtu alimwaga majivu mlangoni pake. Naye hakujitetea hata kidogo, maana moyoni mwake alikuwa amekubali kwamba amenipofua. Akafunga nyumba akaenda kwa mama yake, Bodo.

Nikasema, naenda Bodo. Mume wangu akasema ngoja upone. Nikamwambia, "Baba Samweli, nimelala nimenyooka kwa ajili ya jicho hili, sasa ni lazima linifanyie kazi." Akatikisa kichwa, akatafuta kofia yake, tukaenda pamoja. Njia ile ya karibu na mikoko nilijikwaa sana, maana mtu wa jicho moja hajui shimo lina kina gani. Nikajikwaa, nikainuka, nikaendelea.

Nilimkuta nyuma ya nyumba ya mama yake anashona makuti. Aliponiona hakuinuka. Akainamia makuti yake akasema, "Nimekupofua, Mama Samweli. Nenda zako."

Nikaketi chini mbele yake. Nikamwambia, "Jicho moja, kweli, liliharibika kwa dawa uliyonipa. Na hili lililokuja kukutazama, liliokolewa na nani? Nani aliyesimamisha lori? Nani aliyekitoa kile kichupa mbele ya Bwana Hamadi, wakati angeweza kukificha? Ungenyamaza siku ile, asingejua upesi nimetiwa nini, na leo ningekuwa naongozwa kwa fimbo. Wewe ulinipa dawa yako iliyobaki kwa mapenzi, ukabaki huna. Tulikosea kwa sababu hatukujua, wewe na mimi na mtaa mzima. Sasa tunajua. Funga mzigo, twende nyumbani."

Akasema, "Watu je?"

Nikamwambia, "Watu niachie mimi."

Ndiyo sababu nimesimama hapa leo. Watu, nawaambia! Mwanakombo hakuhamisha ugonjwa. Ugonjwa wa jicho hauvuliwi kama nguo akavikwa mwingine. Wake ulikuwa wake, wangu ulikuwa wangu, na yote mawili kwa mbali yanaitwa jicho jekundu tu. Bwana Hamadi aliniambia macho mekundu yote hufanana mlangoni, na hayafanani yakimulikwa. Liko lenye usaha, kope zinagandana asubuhi, hilo huambukiza nyumba nzima kwa taulo moja. Liko linalochukia mwanga na kuuma ndani. Liko gumu, lenye mboni pana, kichwa kinapasuka na mtu anatapika, na hilo halingoji mvua ipungue. Na wako wengine kama mimi wa mwanzo, wasio na ugonjwa wowote, wamezeeka kidogo tu na hawataki kusikia. Huwezi kujua ni lipi kwa kuuliza jirani. Kwa hiyo gawaneni moto, gawaneni chumvi, gawaneni na samaki. Dawa ya jicho mwachieni aliyepewa, na yeye aitumie kama alivyoambiwa, kisha arudi aangaliwe.

Namshukuru Mungu kwa jicho lililobaki. Namshukuru kwa mkono wa Bwana Hamadi na mkono wa daktari wa Mombasa, kwa dereva yule mwenye matusi mengi na moyo mzuri, na kwa mwanamke aliyesimama katikati ya barabara. Mimi nilimwomba Mungu aniponye kitandani pangu. Yeye akanipitisha juu ya magunia ya mbata. Mtumainini, ndugu zangu, wala msimpangie njia ya kupita!

Sasa nina ombi. Mwanakombo yupo. Ameketi barazani karibu na mlango, mwenye leso ya zambarau. Hakuja kubadili dini, msimsumbue. Nilimwomba aje asikie jina lake likitajwa kwa mema mahali lilipotajwa kwa mabaya. Wale mliosema yale maneno sitawataja. Nawajua kwa sauti, maana nilipokuwa siwezi kufungua macho masikio yangu yalinoleka. Sitaki msimame mwombe radhi mbele za watu. Nataka jambo jingine. Siku ya kliniki ya macho mimi na Mwanakombo tunakwenda Msambweni, na tumekubaliana kwamba atakayetaka kuandamana nasi tutamshika mkono. Kama macho yanakusumbua, yawe mekundu, yawe na ukungu, yawe yanauma au yanakimbiwa na uzi na sindano, usione haya. Simama ulipo.

Msitazamane. Simameni tu.

Bwana asifiwe, mama, nimekuona. Sauti hiyo naijua tangu nilipokuwa kitandani, na yaliyopita yamepita. Umesema jicho linatoa machozi tangu Ramadhani na umekuwa ukilificha? Usinieleze mimi. Nenda hapo barazani, mpe mkono mwenye leso ya zambarau, umweleze yeye. Ndiye anayejua kusimamisha lori.